Mtoto katulipia tiketi kwa kadi yenye bima ya safari. Je, bima hiyo inatuhusu sisi wazazi?

SWALI

Mshauri, salamu nyingi kutoka Tukuyu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 67. Mume wangu ana 73. Ushirika wetu wa Moravian una urafiki wa siku nyingi na ushirika mmoja wa Herrnhut, Ujerumani. Wenzetu hao wameshafika kwetu, wamelala nyumbani kwetu na kula ndizi zetu, na sasa wametualika sisi tukawatembelee wiki tatu mwezi Mei.

Mtoto wetu wa kwanza anafanya kazi Dar es Salaam. Ndiye aliyetulipia tiketi za kutoka Dar hadi Berlin, kwenda na kurudi, kwa kadi yake ya mkopo, ile ya dhahabu. Yeye hasafiri nasi. Tiketi za ndege kutoka Songwe hadi Dar tumelipa wenyewe kwa simu. Nilipomuuliza kuhusu bima ambayo ubalozi unaitaka, alinijibu, "Mama, msihangaike. Kadi yangu ina bima ya safari. Ukilipia tiketi kwa kadi, bima inakuja yenyewe." Akanitumia picha ya kipeperushi cha benki yake. Nimevaa miwani nimekisoma na kukirudia. Kimeandikwa hivi:

"Bima ya ajali ya safari: hadi dola 250,000. Kuchelewa au kupotea kwa mizigo: hadi dola 500. Msaada wa kitabibu nje ya nchi: huduma ya rufaa saa 24. Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Nilipoona dola 250,000 moyo ukatulia. Lakini binti mmoja wa hapa mtaani, ambaye hufanya kazi kwa wakala wa bima Mbeya mjini, aliniambia bima za kadi ni za mwenye kadi, tusizitegemee. Mume wangu naye anasema yule binti anatafuta biashara, na kwamba tukinunua bima nyingine mtoto ataona tumemdharau baada ya kujitoa vile.

Mimi natumia dawa za presha miaka mingi sasa. Mume wangu ni mzima, isipokuwa magoti. Kadi za NHIF, bima ya afya ya taifa, tunazo kama wastaafu. Je, hii bima ya kadi inatutosha? Na kama haitoshi, mtoto nimwambieje?

Mwalimu mstaafu, Tukuyu


JIBU

Shikamoo, Mwalimu. Na mzee naye umfikishie shikamoo yangu.

Nunueni bima yenu, yenye majina yenu wawili, kabla hamjapeleka maombi ya viza. Hiyo ya kadi ichukulieni kama nyongeza ambayo huenda ikawepo na huenda isiwepo. Kijana wenu hajawadanganya. Amesoma kilichoandikwa kwa herufi kubwa, kama wasomavyo watu wengi wenye kadi hizo, wakiwemo waliosoma sana. Ila kipeperushi ulichonukuu kina mstari mmoja unaoweza kuwaachia deni la hospitali ugenini, na mstari huo ndio unaosomeka kwa upole kuliko yote. Tuusome pamoja na wenzake.

Tuanze na ile dola 250,000. Imeandikwa "bima ya ajali ya safari". Katika kadi nyingi maneno hayo yana maana finyu sana: kampuni ya bima hulipa mtu akifariki, au akipoteza kiungo au macho, kwa ajali iliyotokea akiwa ndani ya chombo cha abiria ambacho nauli yake ililipwa kwa kadi hiyo. Ndege ikipata ajali, fedha hiyo hulipwa kwa warithi. Mzee akiteleza kwenye ngazi za nyumba ya wenyeji wenu akavunjika nyonga, hiyo ni ajali kwelikweli, na iko safarini, lakini haimo. Presha yako ikipanda usiku ukalazwa, hiyo hata ajali siyo. Kiasi kinakuwa kikubwa kwa sababu tukio lenyewe ni adimu mno, na benki hukiweka juu kabisa ya kipeperushi kwa kuwa ndicho kinachovutia macho. Hakuna shilingi ndani yake iliyotengwa kwa ajili ya kitanda cha hospitali.

Sasa mstari wa tatu, ambao ningependa uupigie kalamu nyekundu kama ulivyokuwa ukifanya darasani: "Msaada wa kitabibu nje ya nchi: huduma ya rufaa saa 24." Msomaji akiona "msaada wa kitabibu" anaelewa atatibiwa. Sivyo. Huduma ya rufaa ni namba ya simu. Ukiipiga, mtu wa upande wa pili anakutajia hospitali iliyo karibu, anaweza kukutafutia mkalimani au kukupangia miadi na daktari, pengine hata gari la wagonjwa. Gharama za hayo yote ni zako. Mahali ambapo bima inalipa matibabu yenyewe, utaona imeandikwa "gharama za matibabu" pamoja na kiwango cha fedha mbele yake. Kwenye kipeperushi chenu mbele ya msaada wa kitabibu hakuna kiwango chochote, kuna saa tu. Kwa mstari huo peke yake ningekwisha kuamua.

Lakini kuna jambo jingine lililo zito zaidi kwenu, nalo ni nani anakingwa. Bima ya kadi ni mkataba kati ya benki na kampuni ya bima. Mwenye kadi anaingizwa humo kama mnufaika, na mara nyingi hana hata karatasi mkononi. Pale ambapo familia inahesabiwa, kwa kawaida ni mke au mume na watoto wanaomtegemea, tena kadi nyingi hutaka wawe wanasafiri pamoja naye. Wazazi hawamo katika hesabu hiyo. Kwetu baba na mama ndio familia ya kwanza, na ninaelewa kwa nini kijana hakufikiria kwamba mkataba unaweza kuwaacha nje watu aliowalipia kwa mkono wake mwenyewe. Kulipa nauli kwa kadi ni sharti moja. Kuwa mtu anayetajwa na mkataba ni sharti la pili, na yote mawili lazima yatimie.

Umri nao una ukuta wake. Mikataba mingi ya kadi huishia miaka 65, 70 au 75, hivyo inawezekana kabisa mmoja wenu akawa ndani na mwingine nje, au nyote nje. Halafu kuna presha yako. Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya safari ndiyo sababu ya kwanza ambayo makampuni ya bima hukataa kulipia, katika bima za kadi na hata katika bima nyingi za kununua. Nitarudi hapo, maana hilo ndilo ninalotaka ulishughulikie kwa makini kuliko mengine.

Jina la kadi pia lisiwape matumaini. Visa na Mastercard wana ngazi zao, lakini faida zinazoambatana na kadi hutegemea benki iliyoitoa na mkataba ilioingia. Kadi ya dhahabu ya benki moja inaweza kuwa na bima ya matibabu, na ya benki nyingine ikawa na namba ya simu tu. Kwa hiyo akitokea mtu hapo Tukuyu akakwambia, "Mimi nilisafiri kwa kadi ya dhahabu na nilitibiwa bure", anaweza kuwa anasema kweli tupu na bado isiwahusu ninyi.

Kuhusu NHIF, kadi zenu ni mali nzuri sana hapa nyumbani, zitunzeni, ila hospitali ya Ujerumani haizipokei.

Tuje kwenye ubalozi. Ujerumani iko katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na sheria ya viza ya eneo hilo, kanuni namba 810 ya mwaka 2009, inataka mwombaji awe na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 70. Lazima igharamie matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini, kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya, na pia kifo, maana yake gharama za kuusafirisha mwili. Lazima ikubalike katika nchi zote za Schengen na ifunike siku zote mtakazokaa huko. Afisa wa viza hapokei picha ya kipeperushi. Anataka cheti chenye jina la msafiri kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, kiasi na eneo. Zipo kadi za ngazi za juu ambazo hutoa cheti cha namna hiyo kwa mwenye kadi, na hutumika vizuri kabisa kuombea viza. Hicho cha kijana wenu, hata kikipatikana, kitasomeka jina lake yeye.

Bima yenyewe mnaweza kuipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua hapa, kwa kampuni au wakala mwenye leseni ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Yule binti wa mtaani kwenu mzee asimwekee shaka kwa sababu tu anauza. Alichowaambia ni sahihi. Muulizeni leseni ya ofisi yao na jina la kampuni iliyo nyuma yake, kisha linganisheni bei na wakala mwingine mmoja hapo Mbeya mjini. Njia ya pili watu wengi hawaijui: sheria inaruhusu mtu mwingine amkatie mwombaji bima, ilimradi iwe kwa jina la mwombaji na itimize masharti yaleyale. Ujerumani kuna bima maalumu za wageni, na sharika zinazopokea wageni kutoka Afrika mara kwa mara hukutana na suala hili. Andikeni Herrnhut muwaulize kama wana utaratibu huo. Hakuna aibu katika kuuliza, na huenda walikuwa wanasubiri mseme.

Kokote mtakakonunua, Mwalimu, taja presha yako. Iandike kwenye fomu pamoja na majina ya dawa unazotumia. Najua kuna watu watakaokushauri unyamaze ili bei isipande. Usiwasikilize. Ukificha, kampuni ikija kuangalia cheti cha daktari baada ya madai, ina haki ya kukataa kulipa chote, na hapo utakuwa umenunua karatasi. Ukitaja, uliza swali moja na uombe jibu kwa maandishi: "Presha yangu ikipanda ghafla nikiwa huko, mtalipia matibabu ya dharura au hamtalipia?" Baadhi ya bima hulipia dharura ya ghafla ya ugonjwa wa zamani, iwapo daktari wako anathibitisha kwamba ulikuwa imara kabla ya kuondoka. Nyingine hazigusi kabisa. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili lipeni, hata kama itabidi mpunguze zawadi za kupeleka. Halafu nenda kwa daktari wako akupime na akuandikie barua ya Kiingereza yenye majina halisi ya dawa na vipimo vyake. Dawa za wiki tatu na za ziada ziweke kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa ndani ya makasha yake. Usizitie kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege.

Hapo nimefika kwenye mizigo, ambako habari ni nafuu kidogo. Ile dola 500 ya kadi ina masharti yaleyale ya nani anakingwa, kwa hiyo isahauni kwa sasa. Lakini haki dhidi ya shirika la ndege mnayo bila kadi yoyote. Upo mkataba wa kimataifa wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania imo, na nchi za Ulaya zimo. Unaliwajibisha shirika la ndege kwa mzigo uliopotea, kuharibika au kuchelewa, hadi kikomo ambacho tangu Desemba 2024 ni vizio 1,519 vya fedha ya hesabu ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa abiria mmoja, takribani dola 2,000. Zinalipwa kulingana na hasara mnayoweza kuionyesha. Sanduku lisipotokea, msitoke uwanjani. Nendeni kaunta ya mizigo, jazeni taarifa, ondokeni na nakala yake. Likifika limevunjika, malalamiko yaandikwe ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu mlipokabidhiwa. Na wakati wa kurudi, kwa kuwa mtapanda ndege kutoka uwanja wa Ulaya, sheria ya huko inawahusu hata kama shirika si la Ulaya: mkicheleweshwa sana wanapaswa kuwapa chakula na mahali pa kulala, na kwa safari ndefu kama yenu fidia inaweza kufika euro 600 kila mmoja, ikiwa kosa ni lao.

Kitu kinachonitia wasiwasi katika mpango wenu, na ambacho hukukiuliza, ni tiketi za Songwe. Mmezilipa peke yake, kwa hiyo kwa macho ya mashirika hizo ni safari mbili zisizojuana. Ndege ya Songwe ikizuiwa na ukungu asubuhi, nanyi mnaujua ukungu wa kwetu, mkafika Dar wakati ndege ya Berlin imeshaondoka, shirika la pili halina wajibu wa kuwapandisha inayofuata. Teremkeni Dar siku moja kabla, mlale kwa mtoto. Atafurahi kuwaaga vizuri, nanyi mtapumua.

Sasa kijana. Nadhani mzee ana hofu ambayo mtoto mwenyewe hana. Mtoto aliyewalipia wazazi wake tiketi hadi Berlin anataka wafike na warudi salama, na akiambiwa kwa heshima atasikia. Msinunue kimyakimya akaja kugundua baadaye, hapo ndipo angeumia. Mpe kazi ya kufanya. Ningekuwa wewe ningemwandikia hivi:

"Mwanangu, Mungu akubariki kwa tiketi. Ubalozi unataka cheti cha bima chenye jina langu na la baba yako, cha euro 30,000 za matibabu. Naomba uiandikie benki barua pepe uwaulize: wazazi wangu wa miaka 67 na 73, wakisafiri bila mimi kwa tiketi nilizolipa kwa kadi, wanakingwa? Gharama za hospitali mnalipa, na kiasi gani? Ugonjwa wa zamani mnaulipia? Waambie wakutumie masharti kamili ya mkataba, siyo kipeperushi. Sisi huku tunakata ya kwetu ili viza isichelewe."

Ona kwamba ujumbe huo hausemi amekosea. Benki ikijibu "ndiyo" kwa maandishi kwa maswali yote matatu, mtakuwa na kinga mbili, si vibaya. Ikijibu "hapana", ataisoma mwenyewe bila wewe kusema neno. Na majibu hayo yatamfaa yeye zaidi, maana siku atakapopeleka mke na watoto safari, atajua kadi yake inafanya nini. Akitaka kuchangia bei ya bima, mwacheni achangie.

Mkiwa huko, namba ya dharura ya bima yenu iandikeni kwenye karatasi, mmoja akae nayo na mwenyeji wenu apewe nakala. Mtu akiugua, kama hali inaruhusu, pigeni hiyo namba kwanza kabla ya kwenda hospitali, kwa sababu kampuni ikijua mapema inaweza kuelewana na hospitali moja kwa moja, nanyi msitoe fedha mfukoni. Kama ni hali ya hatari, nambari ya gari la wagonjwa Ujerumani ni 112, na bima ipigiwe baadaye siku hiyohiyo. Tunzeni kila risiti na ripoti ya daktari, hata ya dawa ya euro chache. Na endapo mkirudi kampuni ya hapa itazungusha madai bila sababu, malalamiko hupelekwa kwa maandishi kwa kampuni yenyewe kwanza, kisha TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lalamiko kuhusu benki na ahadi za kadi hupelekwa benki kwanza, kisha Benki Kuu, ambayo ina tawi hapo Mbeya.

Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Kwa safari ya Mei, anzeni na daktari wiki hii, kisha wakala. Kabla hamjalipa, muulizeni wakala jambo moja la mwisho: viza ikikataliwa, fedha ya bima inarudi? Makampuni mengi huirudisha mkionyesha barua ya ubalozi, lakini iwe imeandikwa kwenye mkataba.